Joto la Namba Nne

Sikudhani Mhina hakuwa mtu wa kinyaa. Miaka ishirini na sita ya kutengeneza vifaa vya hospitali ilikuwa imemkausha. Alikwisha kuzibua pampu za kunyonyea makohozi, alikwisha kufungua mashine ya oksijeni akakuta funza, na siku moja alikula andazi lake la saa nne huku mkono wa pili ukiwa ndani ya friji ya maabara iliyokatika umeme Ijumaa na kugundulika Jumatatu. Kwa hiyo asubuhi ile, alipofungua kinanda cha waya kilicholetwa bandani kwake kutoka Amani kutengenezwa na kukuta kiota cha panya chenye vitoto saba vyekundu visivyo na manyoya, hakukunja hata pua. Alivihamishia kwenye kopo la rangi, akaliweka kopo nyuma ya banda, akarudi na brashi.

"Mama, utaugua," Doto alisema kutoka mlangoni.

"Niugue nini? Mkojo wa panya ni mkojo tu. Nipe spiriti."

Muheza yote walikuwa wamebaki watu wachache wenye vinanda vya waya, na karibu wote walikuwa wazee wakorofi. Kinanda cha waya kina uzito wa mbuzi aliyeshiba. Ukikiwasha sharti ukiache robo saa kipate moto, kama ngoma inavyopashwa kabla ya kuchezwa, la sivyo kinapiga kando. Hata kikishapata moto hakitulii: jua likikipiga sauti inapanda, wingu likipita inashuka, na mpigaji anakifuatafuata kwa kidole kama mama anayemfuata mtoto anayejifunza kutembea. Doto hakuwa na shida hizo. Yeye alikuwa na kinanda hewa, programu tupu ndani ya utando mwembamba aliouchukua kwapani ukiwa umekunjwa kama mkeka wa kuswalia. Mle ndani mlikuwa na udi, fidla, ganuni, na kila chombo kilichowahi kupigwa duniani.

"Vyenu vimenyooka mno," Sikudhani alizoea kumwambia. "Vinaimba kama maiti aliyekwisha kuoshwa."

Siku hiyo Doto alikuwa na jibu. Alikunjua utando juu ya meza ya kazi, akasukuma misumari na nyaya pembeni.

"Sikiliza hii halafu useme tena hayo ya maiti. Inaitwa Joto. Nitaipiga Jumamosi kwenye arusi ya kwa Bi Tunu. Nimeshaizoea miaka miwili, ila nyumbani naogopa mdomo wako."

Akapiga. Sauti ilitoka nene, yenye unyevu, na ilikuwa ikitikisika kidogo, wala si mtikisiko wa kupimwa. Ilihema. Sikudhani aliacha kusugua. Kwa mara ya kwanza kinanda hewa kilimvuta sikio.

"Sasa huu ndio mteremko," Doto alisema, akashikilia kitufe kimoja bila kukiachia. Noti ilianza kushuka polepole, kwa kusitasita, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. "Hapa ndipo wanawake wanapolia."

Kidole cha Sikudhani kilikuwa kimeanza kuhesabu mtikisiko ule juu ya meza bila kutumwa. Mapigo kumi sawa, la kumi na moja likajikwaa. Kumi sawa, la kumi na moja likajikwaa.

Aliujua mkwao ule. Aliutengeneza yeye.

Miaka kumi na tisa nyuma, akiwa na mimba ya miezi sita, aliitwa chumba cha joto, wanakolazwa watoto njiti. Kipima mapigo cha mashine namba nne kilikuwa kimeunguza kapasita, kile kidude kidogo kinachokusanya umeme na kuuachia. Kapasita sahihi ilikuwa ije baada ya miezi miwili. Sikudhani alichomoa nyingine kwenye redio iliyokufa, kubwa kidogo kuliko inavyotakiwa, akaichomelea. Mashine ikafanya kazi. Ila kila pigo la kumi na moja mstari kwenye kioo ulikwama kidogo, na kukwama huko kulikuwa kwa mashine, hakukuwa kwa mtoto. Alibandika plasta ubavuni, akaandika kwa kalamu: *Ya kumi na moja inakwama. Usishtuke.* Hapakuwa na mashine nyingine duniani yenye kasoro hiyo.

Wiki tatu baadaye alijifungua pacha wa miezi saba. Wa pili, Doto, aliwekwa namba mbili, akaishi. Wa kwanza, Kulwa, aliwekwa namba nne.

"Achia," Sikudhani alisema.

"Bado haijafika pale pazuri..."

"Achia kitufe, Doto!"

Akatoka nje, akainama kwenye mfereji, akatapika chai na kiazi chote. Doto alimfuata na kikombe cha maji, akidhani ni panya.

"Si nilikwambia utaugua?"

Sikudhani alisukutua, akatema, akarudi ndani. Kabla hajajifuta mdomo alikwisha kuiandikia kampuni ya Mawimbi Safi, watengenezaji wa Joto. Ujumbe wake haukuwa na salamu. *Mashine namba nne, chumba cha joto, Muheza. Huyo ni mwanangu. Njooni.*

Walikuja baada ya siku mbili.

*

Gari lilijiegesha lenyewe chini ya mchungwa, akashuka bwana mmoja wa makamo mwenye suti ya kitani na harufu ya mdalasini. Alijitambulisha kuwa ni Amoni Chilewa, wa idara ya mahusiano. Doto alimkaribisha banda la kazi, akampa glasi ya maji, kisha akasimama ukutani na utando wake kwapani. Mama yake alikwisha kumweleza usiku uliopita, kwa maneno machache, na tangu hapo msichana hakuwa amepiga hata noti moja.

"Shikamoo mama. Kwanza pole sana."

"Marahaba. Pole ya nini?"

"Ya... marehemu."

"Miaka kumi na tisa. Pole yako imechacha, bwana. Sema ulichokuja kusema."

Chilewa alikohoa. Alipoanza kueleza utaalamu wake, woga ulimtoka, akanoga kama muuza mafuta ya kuotesha nywele. Tatizo la programu, alisema, ni usafi. Walijaribu kuichafua kwa mtikisiko wa kubahatisha, kompyuta inatupa namba kama mtu anavyotupa kete, lakini sikio likaukataa. Sikio linakijua kitu kilicho hai hata kama lenyewe halijui linajuaje. Ndipo wakaenda kwenye mapigo ya moyo: yakiharakisha noti inapanda, yakilegea inashuka. Wakajaribu ya wakimbiaji, ya wajawazito, ya wazee.

"Yalikuwa mazuri, mama, lakini mazito. Hayakuwa na ile... Ndipo tukazipata data za chumba cha joto."

"Mkazipataje?"

"Kihalali kabisa. Chumba kilikuwa kimeunganishwa na mtandao wa utafiti."

Aliyeuchomeka waya wa mtandao huo ni Sikudhani mwenyewe, Jumanne moja kabla ya chakula cha mchana. Alipewa karatasi iliyoandikwa *kwa utafiti wa afya ya mtoto*, akasaini bila kuketi.

"Watoto mia mbili na kumi," Chilewa aliendelea. "Wote tuliwajaribu. Lakini huyu wa namba nne," macho yakamng'aa, "huyu ndiye aliyekuwa na ladha."

Neno lile lilitua mezani kama nzi wa chooni. Sikudhani aliinuka, akaichukua glasi ya maji mbele ya mgeni, akaenda kuimwaga nje, akarudi, akaketi.

"Endelea."

Chilewa alifungua mkoba haraka. Sheria ilikuwa imebadilika, alisema. Tangu mwaka huu mapigo ya mtu aliyekufa yanahesabiwa mabaki ya mwili, sawa na mfupa, na mwenye mabaki ni ndugu. Akaweka karatasi mbili mezani. Moja ilikuwa ya ridhaa, nyingine ya maziko. Akisaini ridhaa, Joto linaendelea. Akisaini maziko, linafutwa kila mahali, kwenye kila kinanda, afisa wa serikali akishuhudia. Mwisho ni Ijumaa, saa sita mchana.

"Nipeni rekodi yangu, halafu ninyi mfute zenu."

"Haiwezekani, mama. Mabaki hayafugwi nyumbani. Ni ridhaa au maziko, hakuna ya katikati."

"Na mle ndani mna kiasi gani?"

"Dakika thelathini na nane za mwisho, zote. Lakini hakuna anayefika huko. Nani atashikilia kitufe nusu saa?" Akatabasamu. "Wanapenda sekunde ishirini za mwanzo. Mteremko peke yake unapigwa mara milioni tatu kwa siku. Mwanao anasikika mpaka Lubumbashi, mama Doto."

"Mwanangu anakufa mara milioni tatu kwa siku."

"Sisi hatulitazami hivyo."

"Najua hamlitazami. Mnalilamba. Gari lako linakusubiri, bwana Chilewa."

Alipoondoka, Sikudhani aliifuta meza kwa spiriti, hata sehemu ambazo mgeni hakuzigusa. Kisha akavuta karatasi ya maziko na kutafuta kalamu.

"Usisaini," Doto alisema.

"Nini?"

"Nimesema usisaini, Mama." Alikuwa ameukumbatia utando. "Unajua nimeulizwa mara ngapi Kulwa yuko wapi? Mtu akisikia jina langu tu, hata salamu hajamaliza. Shuleni, dukani, kwenye usaili. 'Wewe Doto, na Kulwa yuko wapi?' Miaka yote nimejibu alitangulia, kama mtu aliyepanda basi. Picha yake huna. Kitambaa chake huna. Kaburi lake alituonyesha Baba, na Baba mwenyewe alionyesha makaburi mawili tofauti."

"Baba yako hata njia ya kurudi nyumbani ilimpotea, itakuwa kaburi?"

"Usinichekeshe, sitaki. Miaka miwili nimepiga naye. Sikujua, lakini nilikuwa naye. Ukifuta, atakuwa hayupo kabisa."

"Unachopiga ni kufa kwake."

"Ndicho alichotuachia!"

"Hakutuachia kitu. Aliibiwa. Kuachiwa na kuibiwa ni mambo mawili."

"Basi niambie kingine alichonacho. Kimoja tu."

Sikudhani aliiweka kalamu chini.

*

Alhamisi aliingia chumba cha joto na kisanduku chake cha vifaa. Mashine zilikuwa mpya, namba nne ya zamani ilikwisha kutupwa, lakini nyuma ya kabati waya wa utafiti ulikuwa palepale, na taa yake ndogo ya kijani ilikuwa inapepesa. Watoto sita walilala chini ya vioo, wadogo kama mikate. Taa ilipepesa kwa ajili ya wote sita. Kwenye waya kulikuwa na plasta iliyobadilika rangi, na juu yake mwandiko wake mwenyewe: *Usichomoe. S. Mhina.*

Hapo ndipo kinyaa kilipomshika kweli. Kile cha Chilewa kilikuwa cha kutema ukakimaliza. Hiki kilikuwa mkononi mwake. Akauchomoa waya, akaukata vipande vitatu kwa koleo, akatia vipande mfukoni mwa koti.

"Bi Sikudhani, nani amekuruhusu?" muuguzi wa zamu aliuliza.

"Nitafutie kwanza aliyeniruhusu kuuchomeka. Ukimpata, na mimi nitakutajia aliyeniruhusu kuuchomoa."

Alinawa mikono kwa sabuni mara tatu kabla ya kwenda nyumbani.

*

Ijumaa saa nne asubuhi, wasichana wa kwa Bi Tunu walikuwa wakifanya mazoezi ya kesho upande wa pili wa ua. Mmoja wao alikuwa na kinanda hewa, na bila shaka alikuwa amefungua Joto.

"Shusha! Shusha tena!" waliita, wakicheka. Noti ikateremka, wakapiga vigelegele, ikakatwa, ikaanza upya. "Tena! Mpaka chini!"

Sikudhani alifunga dirisha. Karatasi mbili zilikuwa mezani, zimewekewa koleo juu zisipeperushwe na feni.

"Kikunjue," alimwambia Doto. "Chagua kitufe kimoja, ushikilie mpaka mwisho. Kama ni ridhaa au maziko, nataka kwanza nijue ninachokitia saini. Safari hii naketi."

Doto alibonyeza. Wakaketi ubavu kwa ubavu kwenye benchi.

Dakika za kwanza zilikuwa zile tamu, zile za kulizia watu. Kisha utamu ukaisha. Sauti ikawa nyembamba, ikaparuza, ikawa inachelewa kati ya pigo na pigo mpaka mtu anajikuta akivuta pumzi kuisaidia. Hakuna ambaye angecheza nayo. Doto alibadilisha kidole bila kuiachia, cha shahada kikapisha cha kati. Kila la kumi na moja lilijikwaa, na kila lilipojikwaa Sikudhani aliuma meno, kwa sababu huo mkwao ndio pekee uliokuwa wake mle ndani. Ndivyo alivyodhani.

Alikumbuka kioo cha namba nne. Aliutazama mstari ule tangu jua lilipochomoza, akiwa kwenye kiti cha magurudumu, mshono wa upasuaji ukimuunguza. Mwishoni aliomba afunguliwe kidirisha cha pembeni, akaingiza mkono, akaweka vidole viwili juu ya tumbo la mtoto. Tumbo lote lilienea chini ya vidole viwili. Muuguzi akakigeuzia kioo ukutani, kwa huruma. "Usitazame, mama. Hasikii tena huyo." Sikudhani alimwamini. Fundi huamini anachoambiwa na kipimo, na kipimo kilikuwa kimeelekea ukutani. Kwa miaka kumi na tisa alijua kwamba mkono wake ulichelewa, na kwamba aliuweka juu ya kitu kilichokwisha kuondoka.

Dakika ya thelathini na moja, sauti ilipanda.

Haikupanda sana. Ilinyanyuka kama mtu anayeinua kichwa mtoni, ikatulia pale juu, ikawa nzito kidogo, ikakaa. Mapigo yakasogeleana. Kumi sawa, la kumi na moja likajikwaa, na tena kumi sawa.

"Amepanda," Doto alinong'ona. "Mama, kwa nini amepanda? Nini hicho?"

Sikudhani alitazama vidole vyake viwili.

"Ni mkono wangu," alisema.

Sauti ilikaa juu dakika nne, kisha ikaanza kushuka tena, safari hii bila kuparuza, ikashuka, ikashuka, mpaka Doto akawa anabonyeza kitufe kisichotoa kitu.

Alikiachia, akafuta uso kwa kiganja. "Sasa huwezi kumfuta. Sasa umesikia."

"Sasa ndiyo naweza."

"Mama!"

"Nisikilize. Nilishindwa kusaini kwa sababu nilidhani alikufa peke yake, kwa hiyo kumzika nilikuona kama kumtupa mara ya pili. Hakuwa peke yake. Alikuwa na mtu, na alimjua. Uliniuliza ana kingine gani. Ndicho hicho. Na hicho hakimo kwenye utando, kimo humu." Akainua vile vidole viwili. "Na wewe umekisikia, kwa hiyo tuko wawili tunaojua."

Upande wa pili wa ua mtu alicheka. "Shusha tena!"

"Unawasikia?" Sikudhani aliuliza. "Wanamshusha kama ndoo kisimani. Si wabaya, hawajui. Lakini mimi najua, na wewe unajua. Ungeweza kupiga kesho?"

Doto aliliondoa koleo, akaisukuma karatasi ya ridhaa pembeni, akaishika ile ya maziko kwa mikono miwili isitikiswe na feni, mama yake akasaini.

Afisa wa wilaya alitokea kwenye kioo cha ukutani saa sita kasorobo, mwanamke mwenye mtandio wa kahawia na sauti ya kuchoka. "Jina la marehemu?"

"Kulwa."

"Alipewa jina siku ya saba?"

"Hakuifikia. Jina hilo halingoji siku saba. Linazaliwa na mwenzake." Akamwekea Doto mkono begani, afisa amwone. "Mwenzake huyu hapa."

Afisa aliandika. Saa sita kamili akasema imekwisha, akawapa pole, na Sikudhani akaipokea hiyo.

Kwa Bi Tunu wimbo ulikuwa katikati. Ngoma ziliendelea, makofi yakaendelea, lakini sauti nene ilikatika kama kamba.

"He! Kimekauka!" mtu alisema. Kisha Bi Tunu mwenyewe akaita juu ya ua, "Doto! Doto we! Joto limetoka kwenye kinanda, na arusi ni kesho! Tutacheza na nini?"

Doto alitazama kinanda cha Amani, kilichokuwa kimefunguliwa tumbo mezani tangu Jumatatu.

"Kinafungika leo?" alimuuliza mama yake.

"Mwenyewe hakifuati mpaka Jumatatu. Nishikie taa."

*

Walikibeba wawili mpaka ukumbini, wakitua kila hatua ishirini. Doto alikiwasha kabla ya watu kujaa, akakaa mbele yake akingoja. Kilinuka spiriti, na chini ya spiriti kilinuka panya bado.

Shangazi wa bibi arusi, mama mnene aliyekuja kutoka Handeni, alivuta kiti karibu, akavuta pumzi, akasogeza kiti nyuma.

"Mwanangu, hicho nacho ni nini? Kinatoa harufu."

"Ni panya, bibi."

"Makubwa. Na mbona hupigi?"

"Kinapata moto kwanza. Hata kikipata, kitapandapanda, usishangae. Kinasikia jua."

"Haya. Jina lako nani?"

"Doto."

"Ahaa! Na Kulwa yuko wapi?"

Vidole vya Doto vilikuwa juu ya vitufe. Alimtazama mama yake, aliyekuwa ameinama nyuma ya kinanda, kiganja kikiwa juu ya bati, akipima joto.

"Tumemzika jana, bibi. Saa sita mchana."

"Jana?" Shangazi alishika kifua. "Inna lillahi! Jana, na leo uko arusini?"

"Alicheleweshwa sana," Doto alisema.

Sikudhani aliinuka, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Kimeshapata moto," alisema. "Piga."